Mikono Kumi na Moja ya Afande Adong

Siku niliyokwenda kuomba chumba Kawempe, hapa Kampala, Afande Adong hakuniuliza barua ya mwenyekiti wa mtaa wala idadi ya watoto wangu. Alinishika mkono wa kushoto, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo, akasema, "Haya. Sema jina yako." Nikasema Monique. "Sema kitu ilikutoa Bukavu." Nikasema vita. Akakaa vilevile, macho ameyafumba nusu, mpaka nikajiuliza kama mama huyu amesinzia akiwa wima. Kisha akaniachia, akanionyesha chumba cha tatu, akaniambia kwamba jina ni la kweli lakini kwenye vita kuna mahali nimeruka.

Nilikuwa nimeruka, ndiyo. Nilimruka mume wangu, ambaye hakufa vitani kama nilivyowaambia watu wa kanisani. Nilimwacha Bukavu akiwa hai na mwenye afya tele. Nikaingia chumbani. Kwa miaka kumi na moja iliyofuata sikumdanganya mama huyo hata kwa jambo la chumvi, na binti yangu Annick nilimwonya asijaribu. Ilinichukua muda wote huo kufikiri jambo dogo sana: ni mkimbizi gani ambaye hajaruka mahali?

Afande alikuwa amestaafu polisi, lakini upolisi haukustaafu ndani yake. Ukimletea mboga, anauliza umeitoa kwa nani na kwa nini leo. Mchungaji akimtembelea mara mbili kwa wiki moja, anataka kujua ametumwa na nani. Mimi mwenyewe nilipomnunulia dawa ya kikohozi alipougua, alinipa niinywe kwanza, kijiko kizima, akaniangalia dakika tano. Nilikasirika hadi nikacheka. Ndivyo alivyokuwa, na ukikaa naye unazoea, kama mtu anavyozoea kizingiti kirefu.

Sababu alinieleza kidogo kidogo, kwa vipande, kila kipande baada ya kuhakikisha mlango umefungwa. Alizaliwa upande wa Kitgum, kaskazini. Mumewe, Saverio, alikuwa polisi tangu zamani. Vita vya mwaka themanini na sita vilipokwisha, na askari wa kaskazini wakashindwa, mtu wa kaskazini hapa Kampala alikuwa akitaja jina lake anaulizwa mara mbili. Ndipo Adong naye akajiunga na polisi, mwaka uliofuata, kwa hesabu yake kwamba afadhali akae upande wa wanaouliza. Alipangiwa chini ya sajini mmoja wa kwao, Opoka, mtu aliyesifiwa kwa kuwajua waongo. Opoka hakupiga mtu. Alikuwa akimshika mshukiwa mkono kama anayemsalimia, anamwuliza maswali taratibu, huku vidole vyake viko kwenye mshipa. Mapigo yakienda mwendo mmoja, mtu huyo anasema kweli. Yakikimbia kisha yakarudi nyuma, kisha yakakimbia tena, ni mwongo. Adong alijifunza kazi hiyo akaipenda. Kwa miaka ishirini na minne alishika mikono ya watu katika vituo ambavyo sitavitaja, na aliamini vidole vyake kuliko karatasi yoyote.

Kisha kuna jambo la bastola. Hili alinieleza mara moja tu.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, wakiishi kwenye nyumba za polisi. Saverio, kinyume cha amri, alilala na bastola ya kazi chini ya godoro. Siku moja haikuwepo. Ndani ya nyumba walikuwa watu watatu: Saverio, Adong, na binti yao Aryemo, wa miaka kumi na minane, amerudi likizo ya shule. Adong alimshika mumewe mkono kwanza, akamwuliza. Mapigo ya Saverio yalikwenda sawasawa, mwendo uleule, kama mtu anayetwanga peke yake. Akamshika Aryemo. Mapigo ya msichana yalikimbia, yakarudi, yakakimbia. Aryemo alisema, "Mama, sikuchukua." Adong aliuliza swali hilo mara tatu, na mara tatu mshipa ukafanya vilevile.

Aliandika maelezo yeye mwenyewe dhidi ya mtoto wake. Aryemo alikaa mahabusu siku tisa, kisha akaachiwa kwa sababu hapakuwa na ushahidi ambao hakimu angeukubali. Bastola haikuonekana hadi leo. Saverio alishushwa cheo, na baada ya miaka minane akafariki. Aryemo alipotoka hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa shangazi yake Ntinda, akajifunza kushona, na huko akabaki. Kila Krismasi alituma sabuni, sukari na gauni alilolishona kwa mkono wake. Afande alikuwa akilikagua gauni hilo mshono kwa mshono kabla ya kulivaa. Mama na mtoto walikutana misibani tu, wakasalimiana kama watu waliotambulishwa jana.

Nilipomwuliza kama aliwahi kufikiri kwamba alikosea, alinijibu kwamba mkono haukosei. Nikaaga nikatoka. Chumba kilikuwa chake.

Basi mwaka juzi Afande alianza kusahau. Aliacha chungu motoni mpaka maharage yakageuka makaa. Alimwuliza Annick mara mbili katika asubuhi moja kuwa yeye ni mtoto wa nani. Mimi niliogopa, yeye akashuku: alisema kuna mtu anahamisha vitu vyake ili aonekane amechanganyikiwa. Muuguzi wa kituo cha afya alimweleza kwamba karibu na Wandegeya kuna watafiti wanaotafuta watu waliopita miaka sitini, wanawavalisha mkanda kifuani wa kuandika mapigo ya moyo, kisha wanawalaza ndani ya mashine inayopiga picha ya ubongo. Kama anataka kujua hali ya kichwa chake, aende.

Alikwenda kwa sababu moja tu, kuthibitisha kwamba kichwa chake ni kizima. Mimi alinichukua kama shahidi.

Daktari aliyetupokea aliitwa Kaltumi, binti wa Kinubi kutoka Bombo, wa miaka ishirini na tisa hivi, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa safi, na kwa kuwa hapa Kampala Kiswahili ni lugha ya askari, hilo peke yake lilimtia Afande wasiwasi. Alimpa fomu ya ridhaa. Afande aliisoma mara tatu, akauliza nani analipia mashine, majina yanakwenda kwa nani, na kwa nini wazee tu. Alipoonyeshwa mkanda wa kifuani aliugeuza huku na huku, kisha akanigeukia mimi na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Hii mimi najua. Hii ni mashine ya kushika waongo. Wanatafuta polisi ya zamani."

Daktari Kaltumi hakukasirika. Alisema mkanda hauna haja ya swali hata moja. Mtu anakaa kimya, anapumua, basi. Afande akasema atavaa kwa sharti moja. Daktari ampe mkono wake kwanza.

Niliona haya, nikataka sakafu inimeze. Lakini msichana yule alinyoosha mkono bila kubisha. Afande akaweka vidole vitatu, akafumba macho nusu. "Sema jina yako." Akasema. "Sema kazi yako." Akasema. Uso wa Afande ukakunjamana. Akauachia ule mkono kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Twende, Monique. Huyu ni mwongo. Hata jina yake ni uongo."

Nilisimama. Daktari akaomba dakika mbili tu. Alichukua mkanda, akaupitisha chini ya blauzi akauvaa yeye mwenyewe, akatuonyesha kioo cha kompyuta. Mstari wa mapigo yake ulikuwa ukipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama vilima vya kwenda Kabale. Akamwambia Afande atazame kifua chake. Kila alipovuta pumzi, mstari ulipanda. Kila alipoitoa, ulishuka. Hakusema neno lolote kwa muda mrefu, na mstari uliendelea vilevile.

Kisha akamvalisha Afande. Mstari wa Afande ulinyooka karibu kama rula. Afande akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Unaona? Mimi nasema kweli."

"Hapana, mama," daktari alisema. "Hujasema kitu chochote. Huo ni umri."

Alieleza polepole, na mimi nilimwelewa ingawa shule yangu iliishia njiani. Moyo wenye afya hauendi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaongeza mwendo kidogo, ukiitoa unapunguza, na kazi hiyo ya kupunguza inafanywa na neva inayotoka kichwani, kama breki ya pikipiki inayoshikwa na kuachiwa. Kwa kijana tofauti hiyo ni kubwa. Miaka ikienda, breki inachoka, na mapigo yanafanana. Maradhi na pombe nayo yanaweza kuichosha mapema. Sehemu za ubongo zinazoisaidia breki hiyo, nyingi ziko mbele, hapa nyuma ya paji la uso, na tabaka la nje la ubongo nalo hupungua unene tunavyozeeka. Wao wanataka kujua kama mtu ambaye moyo wake bado unapanda na kushuka vizuri anakuwa pia na tabaka ambalo halijapungua sana. Hawajui bado, alisema, na asingependa kutudanganya kwamba wanajua. Ila kitu kimoja kinajulikana zamani: mapigo kukimbia na kurudi kwa kijana aliyekaa anapumua si dalili ya uongo. Ni dalili ya ujana.

Afande aliuliza, "Hata miaka kumi na nane?"

"Miaka kumi na nane hasa."

Sikuwa nimewahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu kwa dakika moja, lakini siku hiyo niliona. Alikubali kila kitu walichomwambia. Alivua pete, akaingia kwenye mashine ya picha, akalala ndani ya makelele yale nusu saa bila kuuliza swali. Alipotoka walimwonyesha picha. Akaitazama muda mrefu, akauliza kama inaweza kuonyesha mambo ambayo mtu amefanya. Daktari akasema haiwezi. Tukarudi Kawempe.

Mngedhani asubuhi yake angekwenda Ntinda kwa Aryemo. Hamumjui. Asubuhi alianza kumchunguza daktari.

Alisema msichana yule anaweza kuwa amepanga na mashine. Akachukua kitabu cha shule cha Annick kisichotumika na kalamu, akaanza upelelezi. Alimshika Annick mwenyewe, akamwambia asiseme kitu, apumue tu. Akawashika vijana wanne wa kwaya, akawauliza majina yao ambayo aliyajua tangu wakibatizwa. Akamshika Kasim, fundi wa redio wa jirani, na Guerschom anayeuza vitenge, wote wawili hawajafika thelathini. Halafu akaenda kwa wazee: mzee Ongom, mlinzi wa ghala, ambaye mtaa mzima unajua kwamba akisema amekula basi hajala, mke wake, na wajane wawili wa kanisani. Jumla mikono kumi na moja. Vijana wote saba mapigo yao yalikimbia na kurudi, hata waliponyamaza, hata walipotaja majina yao ya ubatizo. Wazee wote wanne walikwenda mwendo mmoja. Mzee Ongom aliulizwa maswali sita, akadanganya yote sita, na mshipa wake haukutikisika.

Siku ya nane alinikuta nikipanga nyanya zangu za kuuza, akakaa kwenye kreti la soda. Alisema Saverio alikuwa na miaka hamsini na minne wakati ule, na alikuwa anakunywa. Mimi nilikuwa nimeshafika huko kitambo, lakini sikumtaja, maana mume wa mtu ni wa mtu hata akiwa kaburini.

"Mkono ya Saverio haikusema kitu," akasema. "Mkono ya mtoto haikusema kitu. Mimi nilisikia mambo yangu."

Nikamwuliza sasa atafanya nini. Akasema anataka kumaliza kesi hii kabla kichwa hakijakwisha, na kwamba niende naye, kwa sababu akisahau katikati mimi nitamkumbusha alikuwa anasema nini. Hapo niliumia moyo. Mama huyu hakuwahi kuniomba chochote.

Duka la Aryemo Ntinda liko nyuma ya barabara kubwa, chumba kimoja kirefu chenye cherehani tatu na sare za shule zimetundikwa kuanzia mlangoni. Aryemo ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na zaidi, ana miwani ya kushonea iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alipotuona aliinuka nusu, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akakaa tena, mguu wake ukarudi kwenye cherehani.

Mama yake alikataa kiti. Alisimama katikati ya sare zile kama aliyesimama mbele ya hakimu, akaanza kwa Kiacholi. Aryemo akamkatiza, akamwambia aseme Kiswahili, ili na huyu mama Mkongo asikie. Nilielewa kwamba alitaka shahidi. Afande akaanza upya. Alieleza mkanda, mstari unaopanda na kushuka, pumzi, breki. Alieleza ubongo na tabaka lake. Akafungua kitabu, akasoma mikono kumi na moja, kila mtu na umri wake. Alisoma vizuri, hakusahau hata jina moja. Alipofika mwisho akasema kwamba kwa ushahidi huu anaona alikosea mwaka tisini na nane, na kwamba Aryemo hakuiba.

Cherehani ilikuwa imesimama. Nilikuwa nimeshaandaa leso, nasema ukweli, nikingojea wakumbatiane.

Aryemo alivua miwani. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi nilikuambia nini siku ile?"

"Ulisema hukuchukua."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na nilipotoka ndani siku ya tisa nikakuambia tena. Ikawa mara nne. Na kwenye msiba wa baba nikakuambia, ukaangalia pembeni. Tano." Akakunja sketi aliyokuwa akiishona, akaiweka mapajani. "Leo umekuja kwa sababu daktari amesema. Umekwenda kushika watu kumi na moja, hata Mzee Ongom, na mimi hukuja kuniuliza. Sasa mama, daktari akibadilisha maneno mwakani, nitakuwa mwizi tena?"

Nilitazama chini, nikaona vipande vya nyuzi vya kila rangi. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na zaidi na mimi mwenyewe, maana miaka kumi na moja nilimwogopa mama huyu kwa kitu ambacho hakikuwepo, na sikuwahi kumwuliza neno moja gumu kama lile.

Afande alifunga kitabu. Nilidhani atajitetea, kwa sababu nilimjua. Alivuta benchi la wateja, akakaa, akatazama mikono yake.

"Kupima najua," alisema. "Kuamini tu, sijui. Hakuna mtu alinifundisha, na mimi sikutafuta. Wewe ulisema kweli mara tano. Hata kama daktari anarudisha maneno yake, wewe ulisema kweli."

Aryemo hakulia, wala hakumwendea. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kwa namna ambayo mimi naifahamu vizuri, namna ya mtu anayetafuta mtego ulipo. Nikajua ameirithi wapi. Kisha akavaa miwani, akasema ana sare ishirini za kumaliza, na kwamba anafunga saa kumi na mbili. Anayetaka kungoja angoje.

Sikuelewa kama alikuwa anamkaribisha au anamfukuza. Nilimsogelea Afande nikamnong'oneza kwamba turudi, tutakuja siku nyingine, huyu bado ana hasira. Ilikuwa saa tano asubuhi.

"Nenda wewe," akaniambia.

Nilipofika mlangoni niligeuka. Alikuwa amekaa pale kwenye benchi, mkoba magotini, na wateja wakimruka miguu. Hakumwuliza Aryemo maneno yake yalikuwa na maana gani.